Dawa ya kutu kwa nyumba yenye rejeta kumi na moja

Ukilegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ya nyumba ya Kiingereza, kwanza inazomea, halafu inatema mate. Usiku ule, chumbani kwa binti yangu, ilizomea kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea, kisha ikatema kitu cheusi kama wino wa ngisi. Matone matatu yalinipenya kitambaani yakaangukia zulia. Zulia lenyewe la rangi ya maziwa. Asubuhi mke wangu aliyaona, akaniuliza kwa ule upole wake ninaoujua, "Na hii nayo ni nini?" Nikamwambia ni kutu. "Kutu nyeusi?" Nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa najiuliza hilohilo.

Tunaishi Reading, magharibi ya London, kwenye nyumba ya safu ya matofali mekundu, jirani huku na jirani kule. Tuliinunua pamoja na joto lake: boila jikoni, rejeta kumi na moja vyumbani, mabomba ya shaba yakipita chini ya mbao za sakafu. Boila inachoma gesi na kupasha maji, pampu inayasukuma, yanagawanyika kwenye rejeta zote, yanaacha joto na kurudi kulichukua tena. Maji hayo hayanywewi wala hayaogewi. Yaliyozunguka jana ndiyo yanayozunguka leo, na kama hakuna aliyeyamwaga, ndiyo yaliyokuwa yakizunguka miaka kumi iliyopita. Ni rejeta ya gari tu iliyogeuzwa kazi. Kwenye gari maji hubeba joto likatupwe nje, hapa yanalibeba liletwe chumbani.

Rejeta ya binti yangu ilikuwa ya moto juu na ya baridi chini, hasa pale katikati. Weka kiganja na utaisikia mipaka yake kabisa, kama mkate uliookwa upande mmoja. Ingekuwa baridi juu, ningejua ni hewa imejaa, unaitoa na mambo yanaisha. Baridi ya chini maana yake kuna tope limelala humo na maji yanapita juu yake.

Nikampigia mjomba wangu aliyeko Pongwe, karibu na Tanga. Mjomba aliendesha lori la Tanga na Arusha miaka ishirini na ushee, sasa amestaafu anafuga kuku.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mjomba. Baridi huko?"

"Baridi, na rejeta imeziba."

"Ya gari?"

"Ya nyumba."

Kimya. Nikasikia kuku nyuma yake. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia aliuliza swali ambalo mafundi wawili wa hapa hawakuwahi kuniuliza: "Mnatia dawa, au mnatia maji ya bomba tu?"

Akanisimulia la lori lake. Tajiri wake alikuwa mbahili, kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, aliiona anasa ya Wazungu. Kila wakisimama Mombo walijaza maji ya mtoni kwa dumu, wakaendelea. Siku moja injini ilichemka kwenye mwinuko usio na maana yoyote, na rejeta ilipofunguliwa gereji ikamwaga uji mwekundu kama udongo wa Lushoto baada ya mvua. "Lakini yetu ilikuwa nyekundu," akasema. "Yako nyeusi? Basi hiyo kutu yako haipati pumzi ya kutosha." Sikumwamini. Nilikaa na vitabu wiki nzima ili kugundua kwamba mjomba, ambaye kemia aliiacha darasa la saba, alikuwa sahihi.

Kutu nyekundu tunayoijua Pwani, ile ya mabati na nondo zilizoachwa uwanjani, ni chuma kilichopata maji na oksijeni bila kikomo. Ndani ya mabomba yaliyofungwa oksijeni ni kidogo. Maji ya bomba huingia na kiasi cha miligramu 10 hivi kwa lita, na chuma huila haraka. Ikishapungua, kinachotengenezwa si kutu nyekundu bali magnetaiti, Fe₃O₄: unga mweusi, laini na mzito, unaovutwa na sumaku. Nilichota maji ya rejeta kwenye chupa ya jemu, nikachukua sumaku ya mlango wa friji na kuigusisha kwenye kioo kwa nje. Ule weusi ulitoka chini ukapanda, ukasimama manyoya kama paka aliyeona mbwa. Binti yangu alininyang'anya ile sumaku na sikuipata tena mpaka usiku.

Na ile "hewa" niliyokuwa naitoa kila Jumapili huenda haikuwa hewa. Chuma kinapoliwa na maji yasiyo na oksijeni hutoa haidrojeni, nayo hupanda na kujikusanya juu ya rejeta. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya mabomba tangu ujanani, aliniambia kwamba enzi zao waliitambua kwa kuiwasha kiberiti pale kwenye skrubu. Kisha akanikazia macho: usifanye. Sikufanya. Ila nilielewa alichotaka kusema. Ikiwa hujaongeza maji na hakuna pengine panapovuta hewa, lakini gesi inarudi kila wiki, basi ukuta wa rejeta ndio unaoliwa kutoa gesi hiyo. Na ukuta wenyewe ni bati la chuma lenye unene wa milimita moja na kidogo.

Halafu kuna shaba. Ukiunganisha metali mbili tofauti na kuzitia kwenye maji mamoja, moja humla mwenzake. Hapa shaba hubaki salama na chuma ndicho kinacholiwa. Mabomba yote ya nyumba ni shaba, rejeta zote ni chuma, na maji yake ni ya moto miezi sita kwa mwaka. Ukifikiri vizuri unashangaa vipi zinadumu.

Nilikuwa tayari kwenda dukani kununua chupa ya dawa. Mzee jirani akanizuia. "Panda kwanza darini," akasema, "utie mkono kwenye tangi dogo. Ukikuta maji ya vuguvugu, shida yako siyo dawa."

Nyumba za zamani za huku zina matangi darini, na lile dogo kazi yake ni kujaza maji ya mfumo wa joto yanapopungua na kuyapokea yanapotanuka. Maji yake yanapaswa kuwa baridi, yametulia. Yangu yalikuwa ya kuogea mtoto mchanga. Chini yake kulikuwa na tope la kahawia, na juu yake bomba la shaba lililopinda kama mkongojo. Nikamwomba mke wangu awashe boila. Pampu iliponguruma, lile bomba likatema maji ndani ya tangi, likanyamaza, likatema tena. Kila linapotema, maji yanachanganyika na hewa, na hewa hiyo inashushwa chini kulisha kutu. Sababu ya kutema ilikuwa kutu yenyewe: ilikuwa imeziba pale bomba la kujazia linapoungana na mzunguko, pampu ikakosa pa kusukumia ila juu. Kutu imezaa njia ya kuingiza hewa, hewa inazaa kutu. Ningemwaga dawa ya aina yoyote mle, ningekuwa nampa mtu vidonge vya kuzuia kuhara huku akiendelea kunywa maji ya kisima kilekile.

Hapo ndipo pesa zilipoanza kutoka. Boila ilikuwa na umri wa kupiga kura, na fundi tuliyemwita (kazi ya gesi hapa kisheria ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, usimwite binamu) alishauri tuiondoe, tuondoe na tangi la darini, mfumo uwe wa kufungwa wenye presha. Nikakubali. Alitia kwanza dawa ya kusafishia, akaiacha izunguke, kisha akaanza kumwaga na kusuuza rejeta moja moja. Mbili zilizokuwa na hali mbaya tulizibeba uani tukazipiga mpira wa maji mpaka zikatoa maji meupe. Ya kumwaga yalikwenda kwenye mfereji wa maji machafu, sio ule wa mvua, kwa sababu wa mvua huenda mtoni na dawa zake.

Jambo moja nililofanya siku ile naona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote niliyosoma baadaye. Wakati wa kumwaga nilisimama na ndoo ya lita 10 na kalamu, nikapiga mstari kila ndoo. Mistari tisa na nusu. Nyumba yetu ina lita 95. Shika hiyo namba, nitairudia.

Jioni fundi alipomaliza kufunga, nikamuuliza ataweka dawa gani ya kuzuia kutu. "Yoyote," akasema akifungua thermosi yake ya chai. "Zote ni zilezile." Nikamwomba anipe siku mbili kabla ya kutia. Alinitazama kama mtu aliyeomba siku mbili kuchagua chumvi.

Zote si zilezile. Ila nikiri mapema, alikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyotaka kukubali.

Cha kwanza nilichotazama ni metali. Boila za zamani ndani yake zilikuwa chuma cha kusubu au shaba. Hii mpya, pale moto unapokutana na maji, ni mchanganyiko wa aluminiamu na silikoni. Nyingine hutumia chuma cha pua. Aluminiamu ni kama mgonjwa mwenye masharti pande zote: asidi inaila, na alkali, kinyume cha asidi, nayo inaila. Chuma kinapenda maji yenye alkali kidogo, aluminiamu ikipita pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8.5 hivi inaanza kulalamika. Kwa hiyo dawa iliyofaa mfumo wa chuma na shaba wa mwaka 1980 haifai lazima kwenye boila hii. Lebo iandike wazi kwamba inafaa mfumo wenye aluminiamu, na kitabu cha boila nacho kiikubali. Kitabu! Kile kinachotupwa kwenye droo ya nyaya. Changu kilikuwa na ukurasa mzima wa maji, pamoja na orodha fupi ya dawa zinazokubalika, na onyo kwamba bila dawa dhamana ya boila inaweza kukataliwa.

Ukurasa huohuo ulinikumbusha kitu kingine. Maji ya Reading ni magumu, yanatoka kwenye miamba ya chokaa. Birika la mwezi mmoja lina ganda jeupe ndani kama limepakwa chokaa makusudi. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amefunga mashine ya kulainisha maji chini ya sinki, ile inayotumia chumvi. Nilidhani maji laini ndiyo mazuri kwa rejeta, hayana chokaa ya kuganda. Kumbe mashine haiondoi kitu bure: inatoa kalisiamu inaweka sodiamu, na maji hayo yakipashwa moto ndani ya mfumo pH yake hupanda, tunarudi palepale kwa aluminiamu na masharti yake. Kitabu changu kilitaka ujazo ufanywe kwa maji ya bomba kuu, yasiyopita kwenye mashine. Chokaa iliyomo kwenye lita 95 huganda mara moja ikaisha, kwa sababu maji hayaongezwi. Watengenezaji wengine huruhusu maji laini, wengine hawaruhusu. Tazama cha kwako.

La pili ni namna dawa inavyofanya kazi, na hapa ndipo nilipokaa sana. Dawa hizi haziui kutu iliyopo. Tope likiwamo linabaki tope, ndiyo maana kusafisha kunatangulia. Kazi yake ni kushirikiana na uso wa metali kutengeneza utando mwembamba usioonekana, maji yasifike. Nitraiti ni ya zamani na ina nguvu sana kwenye chuma, utaikuta kwenye majengo makubwa yenye mtu wa kupima maji mara kwa mara, kwa sababu kuna bakteria wanaoila. Molibdati ni mpole zaidi, ndiyo iliyozoeleka kwenye dawa za majumbani kama Sentinel X100. Kwa shaba huongezwa azoli. Chupa nyingi za majumbani ni mchanganyiko wa kadhaa, na mapishi kamili hawayaandiki.

Kuna jambo kuhusu dawa za kundi la nitraiti lililonifanya niweke chai chini. Ukitia pungufu, inaweza kuwa mbaya kuliko kutotia kabisa. Utando unafunika karibu chuma chote isipokuwa vidoa vichache, na sasa nguvu yote ya kutu iliyokuwa imesambaa inajikusanya kwenye vidoa hivyo. Rejeta haichakai, inatoboka. Mtu aliyekulia karibu na bahari ameshaliona hili bila kujua jina lake: bati lililopakwa rangi vizuri likaachwa mkwaruzo mmoja wa msumari, huoza palepale kwenye mkwaruzo, na pembeni linang'aa.

Ndiyo maana lita 95 ni muhimu kuliko jina la chupa. Chupa zinaandikwa zinatosha "nyumba ya kawaida" au rejeta kadhaa. Nyumba ya kawaida ya nani? Rejeta moja yenye bamba mbili hubeba maji mara mbili ya yenye bamba moja, na zile za zamani za chuma cha kusubu, zinazosimama kama mbavu za ng'ombe, hubeba mengi zaidi. X100 niliyoiona dukani ilikuwa chupa ya lita moja kwa lita 100 za mfumo. Kwangu ikatosha, kikaribu. Ningekuwa na lita 130 ningenunua mbili bila kusita, kwa sababu kuzidisha kidogo hakuna ubaya, na tumeshaona kupunguza kunaweza kufanya nini. Kama huwezi kuhesabu ndoo, pima rejeta zako na utafute ujazo wake kwenye jedwali la mtengenezaji, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya mabomba na boila.

Alama ya BuildCert nayo niliitafuta kwenye lebo, maana ni uthibitisho kwamba dawa imepimwa na mtu asiyeiuza. Hilo halikuchukua hata dakika. Chupa zisizo na alama zilikuwa rahisi kwa pauni chache tu. Boila iligharimu mshahara wa miezi, sikuona pa kubania.

Kwenye orodha ya kitabu changu zikabaki mbili zilizopatikana duka la mtaani, X100 na Fernox F1. F1 inakuja kwenye chupa ya nusu lita, imekolezwa zaidi, na ningeichagua nisingejuta. Nilichukua X100 kwa sababu ambayo fundi aliiona ya kitoto: duka lile lilikuwa na vifaa vyake vya kupimia, unachukua maji kidogo, unatia kitendanishi, unalinganisha rangi. Nilitaka dawa ninayoweza kuiuliza baada ya mwaka kama bado ipo. Kiwango cha Uingereza cha kazi hii, BS 7593, toleo la 2019, kinataka hivyohivyo: dawa ipimwe kila mwaka, irudiwe kila miaka mitano au maji yapelekwe maabara, na mfumo uwe na chujio. Ukishachagua moja, kaa nayo. Kuchanganya aina mbili ni kufanya kipimo chako kisikwambie kitu, na dawa zenyewe si lazima zipatane.

Siku ya kutia, fundi aliniachia mwenyewe. Mfumo wa kufungwa hauna tangi la kumwagia, hivyo tulipitisha kwenye chujio lenye sumaku lililofungwa kwenye bomba linalorudi boila. Unafunga vali zake mbili, unalifungua, unamwaga dawa, unalifunga, unafungua vali, pampu inaivuta. Chujio halikubali lita nzima kwa mkupuo, ikaingia kwa awamu tatu. Kisha tukajaza mpaka geji ikasoma baa 1.2 ikiwa baridi, tukafungua rejeta zote, tukaiacha izunguke. Vaa glavu. Nilisahau, mikono ikanikauka siku mbili kama niliyechanganya saruji.

Binti yangu alikuwa na umri wa kuuliza "tutajuaje?" Swali zuri. Tulichukua chupa mbili za jemu, moja maji ya bomba, nyingine maji ya rejeta baada ya dawa kuzunguka siku kadhaa. Kila moja tukatia msumari mpya wa chuma, si ule uliopakwa zinki, tukiwa tumeufuta mafuta. Tukazipanga dirishani jikoni. Siku ya pili msumari wa maji ya bomba ulikuwa na ukungu wa chungwa mabegani. Wiki ya pili maji yake yalikuwa kama chai iliyosahauliwa, na chini kuna unga. Msumari wa pili ulikaa vilevile, kijivu, na mng'ao wa kiwandani. Alizihesabu siku kwa penseli kwenye fremu ya dirisha. Kwa mtu asiyetaka kununua vifaa vya rangi, hiki ni kipimo cha bure. Hakikwambii dawa kiasi gani imebaki, lakini kinakwambia kama ipo.

Sasa nieleze nilipoharibu mimi mwenyewe. Mwaka uliofuata tulibadilisha vigae vya bafuni. Rejeta ya bafuni ikabidi itoke, na kwa uvivu wa kufunga vali moja iliyokwama nikashusha maji ya nyumba karibu nusu. Vigae vikapendeza, rejeta ikarudi, nikafungua bomba la kujazia, geji ikapanda, nikaenda kuangalia mpira. Miezi minne! Nilipopima kwa zamu ya mwaka, rangi ilikuwa hafifu hata binti yangu akasema nimekosea kutia matone. Sikukosea. Nilikuwa nimemwaga karibu nusu ya dawa mferejini na kuweka maji matupu yenye oksijeni mpya mahali pake. Yaani, dozi nusu, ile niliyoisoma ikanitoa jasho. Chujio nilipolifungua sumaku ilikuwa na ndevu nyeusi za nusu kidole. Nikaongeza chupa nyingine ya ileile, nikapima tena baada ya wiki. Na ile vali iliyokwama nikaibadilisha, ndiyo iliyosababisha yote.

Wenzetu wa huku kuna jambo la Desemba. Mtu anakwenda Unguja au Mombasa wiki tano, anazima boila kabisa aokoe gesi, anarudi anakuta dari imeshuka sebuleni kwa sababu bomba liliganda likapasuka. Usizime, shusha kidhibiti tu kikae chini, nyumba isigande. Zipo dawa zenye glaikoli za kuzuia kuganda, ambazo pia huzuia kutu, lakini nazo zina kiwango chake na ukitia pungufu hazikulindi na lolote kati ya hayo mawili. Na zile chupa za kuziba uvujaji kutoka ndani, mimi sizitaki nyumbani kwangu. Kama bomba linavuja, tafuta linapovuja. Mfumo unaoongezwa maji kila wiki ni lori la mjomba na dumu lake la Mombo.

Juzi alinipigia yeye. Nilikuwa nimemtumia picha ya maji ya rejeta kwenye glasi, nimeishika dhidi ya dirisha.

"Mjomba, haya mbona kama ya kunywa?"

"Usinywe, yana dawa."

"Umetia lini?"

Nikamsomea karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa boila: tarehe, jina la dawa, lita 95, na mchoro wa msumari wenye uso wa kucheka ambao si mimi niliyeuchora.

"Vizuri. Na lile zulia?"

Madoa yapo. Nimejaribu limau, nimejaribu siki. Mke wangu ameweka kapu la nguo juu yake, na kila nikilisogeza ananiuliza natafuta nini.